Redio Iliyonyamaza



Wasomaji wapenzi, leo hatukuja na fundisho kubwa. Tunataka kuwasimulia habari ya redio ya motokari iliyopoteza sauti yake, namna tulivyoitafuta sauti hiyo, na mahali tulipoikuta. Katika habari hii imo aibu, nayo aibu ni yetu sisi tunaoandika. Tungeweza kuinyamazia. Lakini wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwalimu wa dini asiyekiri kosa lake mbele ya watu waliolisikia, atawafundishaje wengine kuungama?

Sisi tu katekista wa Bambu, katika nchi ya vilima iliyo kaskazini-magharibi ya Bunia. Wengi wanalijua jina la Bambu kwa ajili ya dhahabu. Wazungu waliiona dhahabu ya Kilo mwaka 1903, na baadaye Bambu pakajengwa karakana na hospitali na nyumba za wafanyakazi wa migodi. Siku hizi mashine nyingi za zamani zimelala, lakini watu wangali wakichimba kwa koleo na karai kando ya mito. Barabara yetu ya kwenda Bunia hupita Nizi na Iga-Barrière. Ni barabara ya udongo mwekundu: kiangazi ni vumbi, masika ni matope.

Nchi hii ya Ituri imeona vita. Tangu mwaka 1999 mpaka mwaka 2003 watu waliuana na vijiji vilichomwa. Vita vikapoa, kisha mwezi wa Desemba 2017 vikaamka tena. Kwa hiyo kwetu sisi redio si kitu cha kujifurahisha tu. Kabla ya kwenda safari, mtu husikiliza kwanza. Iko Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002, nayo husema Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kimojawapo. Ziko na redio nyingine za Bunia. Tukisikia kwamba risasi zimelia upande fulani, twalala. Tukisikia kwamba kuna amani, twapiga ishara ya msalaba na kuondoka.

Motokari tunayoisema ni Toyota kuukuu, iliyonunuliwa Kampala baada ya kutumika miaka mingi huko Japani. Usukani wake uko kuume, nasi Kongo twapita upande wa kuume wa barabara. Basi mwenye kuiendesha, akitaka kulipita lori, hana budi kunyoosha shingo kama twiga. Motokari hiyo hupeleka wakatekista vijijini, huleta mahindi na maharagwe, hubeba wagonjwa, na mara nyingine hubeba maiti.

Ilikuwa Kwaresima moja isiyo mbali sana. Siku ya Jumamosi tulikwenda kumzika mzee mmoja Mkristu katika kijiji kisicho na umeme. Watu walikuwa wengi. Tukafunga spika kubwa ya pembe juu ya motokari, tukavuta waya kutoka kwenye spika ya mlango wa nyuma, na nyimbo za mazishi zikasikika mpaka ng'ambo ya mto. Jioni tukaishusha spika ile. Giza lilikuwa linaingia, nasi tulikuwa na haraka ya kurudi. Hatukuufungua waya, tuliukunja upesi upesi, tukausukuma chini ya kiti, tukabamiza mlango, tukaenda zetu. Ukumbukeni waya huo, wasomaji. Sisi tuliusahau.

Siku ya Jumatatu kijana mmoja aliosha motokari. Hatutaji jina lake wala kabila lake. Yatosha kusema kwamba alikimbia vita pamoja na bibi yake, akaja kukaa karibu na misioni, na kwamba watu wake si watu wa majirani zake. Umri wake ni kama miaka 16. Alikuwa katika wakatekumeni wetu, akingoja ubatizo wa Pasaka. Kijana huyu aliipenda redio. Kila alipopangusa kioo cha mbele, aliiwasha kidogo, akasikiliza wimbo mmoja, akaizima. Sisi tulijua, wala hatukumkataza.

Jumanne alfajiri tukageuza ufunguo. Taa ya redio ikawaka. Namba zikaonekana, saa ikasomeka vema. Sauti hakuna. Tukaongeza, hakuna. Tukaipiga kofi, kama wafanyavyo watu wasiojua kitu, hakuna. Watu saba walikuwa wakingoja kusafiri nasi, na wengine wamesimama kuwaaga. Tukamwita kijana.

"Umeifanya nini redio?"

"Mwalimu, niliosha tu."

"Jana nani aliiwasha?"

Akanyamaza, akatazama chini.

Basi hapo hasira ikatushika. Tukamwambia kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia, kwamba mkono wake hautulii, kwamba ameharibu mali ya misioni, na kwamba atailipa. Mtu mmoja nyuma yetu akasema polepole, "Watu wale ndivyo walivyo." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Sisi tulilisikia neno hilo. Hatukulikemea. Tuliingia katika motokari tukafunga mlango. Kijana akaweka kitambaa chake juu ya ndoo, akaenda.

Tukasafiri bila habari yoyote. Tulipofika Nizi, wenye pikipiki wakatusimamisha kwa mikono miwili. "Ninyi mnakwenda wapi? Hamkusikia redio? Mbele barabara imefungwa tangu asubuhi." Tukageuza. Watu saba tuliowabeba hawakusema neno mpaka nyumbani. Sisi nasi moyoni tukazidi kumlaumu yule kijana, tukisema, "Tazama, kwa ajili yake tungalikufa." Hivyo ndivyo kosa linavyozaa kosa.

Jumatano jioni ilikuwa zamu ya kufundisha Amri ya Nane. Sisi tulisomea seminari, nasi twalijua fundisho hili vema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2477 yataja makosa matatu yanayoliharibu jina la mtu: kumhukumu kwa haraka, yaani kuamini ubaya wake bila sababu ya kutosha, kufunua makosa yake kwa watu wasioyajua, pasipo sababu ya haki, na kumsingizia kwa uongo. Tukayaandika yote matatu ubaoni kwa chaki. Tulipogeuka kuwatazama wakatekumeni, mahali pa yule kijana palikuwa wazi. Chaki ikawa nzito mkononi. Hata hivyo tukamaliza somo, kwa maana kiburi kina miguu mirefu.

Alhamisi tukampelekea motokari fundi mmoja mzee, aliyejifunza kazi zamani katika karakana za migodi. Mzee huyu hana haraka. Tulianza kumweleza kwamba kijana ameiharibu, akainua mkono.

"Mwalimu, sikukuuliza ni nani. Nauliza ni nini. Redio imekufa kabisa, au inawaka bila sauti?"

"Inawaka."

"Inavuma kama mvua, au kimya kabisa?"

"Kimya kabisa."

Akatufundisha, nasi twawaandikia, kwa kuwa wasomaji wengi wana motokari za namna hii, au wana ndugu mwenye nayo. Redio ikivuma kama mvua, ujue spika zake ni nzima na nguvu yake ni nzima. Haipati mawimbi tu. Tazama antena na waya wake. Motokari zilizotoka Japani zina shida nyingine tena: kule redio za FM zilipangwa kuanzia namba 76 mpaka 90, na huku kwetu twatumia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio nyingi za Japani zapata vituo vichache tu vya kwetu, vile vilivyo chini ya 90, mpaka fundi aweke kifaa cha kugeuza mawimbi. Huo si ugonjwa. Redio yenyewe ni ngeni, haijajua lugha ya mahali.

Lakini ikiwa kimya kabisa, hata uvumi hakuna, shida iko mbele zaidi. Mzee akaanza na mambo madogo, yale ambayo mtu mwenye hasira huyaruka. Je, kitufe cha kunyamazisha kimebonyezwa? Je, sauti yote imesukumwa upande wa spika moja, nayo spika hiyo ni mbovu? Je, kimya ni kwa redio tu, au hata kwa nyimbo zilizo katika kifaa cha kuchomeka? Akajaribu zote. Kimya.

Akatazama fyuzi. Alisema kwamba kwa kawaida redio hupata umeme kwa njia mbili: moja kutoka betri moja kwa moja, ili isisahau saa na vituo, na nyingine inayopita kwenye ufunguo. Taa zikiwaka, fyuzi hizo mara nyingi ni nzima, ila iko redio yenye kikuza sauti cha pembeni, nacho chaweza kuwa na fyuzi yake peke yake. Yetu haina. Hapo akatukaza macho akasema, "Fyuzi ikiungua, weka ya kipimo kile kile. Mtu akiweka kubwa zaidi, au akiifunga kwa karatasi ya fedha ya sigara, amefukuza mlinzi usiku. Siku moja waya zitawaka moto, na motokari pamoja nazo."

Kisha akachunguza waya wa kurudi kwenye chuma cha motokari, ambao mafundi wa kwetu huuita "masi" kwa kufuata Kifaransa. Ulikuwa safi, umekazwa vema. Akazima motokari, akakaa. Halafu akageuza ufunguo tena, akaweka sikio karibu na mlango. Tukasikia "tik", kidogo sana, kisha kimya. Akazima, akawasha. Tik, kimya.

Mzee akacheka. "Mwalimu, redio hii haikuharibika. Inajizuia."

Tukamwuliza maana yake. Akaeleza kwamba katika redio za siku hizi, nyaya mbili za kila spika zote zina umeme ndani yake. Hata mmoja haupaswi kugusa chuma cha motokari. Ukigusa, umeme hupita mahali pasipo pake, na ile sehemu ya kukuza sauti ingeungua kwa dakika chache. Kwa hiyo watengenezaji wameipa akili: ikiona kwamba inaumizwa, hujifunga yenyewe. Spika zote nne hunyamaza kwa ajili ya waya mmoja uliojeruhiwa. "Ile tik," akasema, "ni redio inajaribu kusema, inaumia, inanyamaza. Wewe ulidhani kimya ni kosa lake. Kimya ndicho kinachoiokoa."

Akaichomoa redio, akazikata spika zote, akazipima moja moja. Mwenye mashine ya kupima atafute namba iliyo karibu na 4, maana spika nyingi za motokari ni za ohmu 4. Asiye na mashine achukue jiwe la tochi la volti 1.5, aguse nyaya mbili za spika kidogo tu: spika nzima hujibu "kop", iliyokufa haijibu. Mbele zote mbili, kop. Nyuma kushoto, kop. Nyuma kuume, kop. Spika zote ni nzima. Basi akapima kutoka kila waya kwenda kwenye chuma. Tatu zilikuwa salama. Ya nne, nyuma kuume, ilikuwa imefungana na chuma.

Mzee akafungua mlango wa nyuma wa kuume, akapiga magoti. Chini ya kiti, penye ukingo wa mlango, waya mwekundu ulikuwa umebanwa. Ngozi yake ilikuwa imechubuka, na shaba inang'aa juu ya chuma.

"Waya huu ni wa nani?" akauliza.

Ulikuwa wetu. Ulikuwa waya wa mazishi, tulioukunja kwa mikono yetu na kuubania mlango kwa mkono wetu. Mashimo ya barabara ya Jumamosi usiku yaliusugua, na baridi ya Jumatatu usiku, au mtikiso wa mlango uliofungwa mara moja zaidi, ukamaliza kazi. Kijana hakuharibu kitu. Alisikiliza wimbo mmoja wa mwisho, basi.

Mzee aliuondoa waya, akarudisha redio mahali pake, akageuza ufunguo. Sauti ikatoka kwa nguvu hata kuku wakaruka, maana siku ya Jumanne tuliiongeza mpaka mwisho, wala hatukuipunguza. Ilikuwa saa kumi jioni. Mzee alidai fedha kidogo tu. Kisha akasema, akipangusa mikono, "Redio ni tayari. Sasa nenda kwa yule uliyemtaja kabla sijakuuliza."

Wasomaji wapenzi, barabara ya kwenda nyumba ya bibi yake kijana haifiki mwendo wa robo saa. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko ya Bunia. Bibi alikuwa akipepeta mchele nje. Hakutukaribisha kiti, nasi hatukustahili kiti. Tukamwambia yote: waya, mlango, haraka yetu. Akaendelea kupepeta. Mwishowe akasema, "Mwalimu, redio yako ni ya kuuzwa sokoni. Lile neno walilolisema nyuma yako, nawe ukalisikia, hilo mimi nalijua. Pale tulipotoka vita ilianza hivyo hivyo." Hatukuwa na jibu.

Bibi alisema kweli, na nchi yetu yote yaijua kweli hiyo. Mahakama ya kimataifa ya The Hague, katika hukumu ya mwaka 2019, ilieleza mambo yaliyotendeka Mongbwalu mwaka 2002 na Kobu mwaka 2003, mahali tunapopajua sisi kwa miguu yetu. Na jirani zetu wa Rwanda waliona jambo jingine. Mwaka 1993 ilianza kule redio moja iitwayo RTLM. Mitambo yake haikuwa na shida. Sauti yake ilifika vema. Mwaka 1994 sauti hiyo ilitaja watu kuwa wabaya kwa sababu ya kabila lao, na wengi waliuawa. Hata mwaka 2003 mahakama ya Arusha ikawahukumu wakubwa wake. Kanisa limeipenda redio tangu zamani: tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pius XI alisema kwa mara ya kwanza katika redio ya Vatikano, iliyojengwa na Marconi mwenyewe. Lakini chombo hakijui kinasema nini. Jumanne ile redio yetu ilikuwa kimya, na mwenye kutoa sauti ya kuharibu alikuwa katekista.

Tulijifunza na jambo hili. Kijana alipoulizwa nani aliiwasha redio, alinyamaza, nasi tukasema, "Kimya chake ndicho kukiri kwake." Hatukujua kwamba mtu naye hujizuia anapoumizwa. Aliyekimbia vita, akiulizwa kwa ukali mbele ya kundi la watu wasio wa kabila lake, atajibu nini? Kila neno laweza kugusa chuma. Wako watu wengi kati yetu walionyamaza namna hiyo: katika mikutano, katika familia, hata kanisani. Tunawaita wagumu, tunawaita wenye hila. Tungeanza kwa kutafuta mahali wanapoumia.

Jumapili, baada ya Misa, Padri alitupa ruhusa kusema. Tulisimama mbele ya watu wale wale, tukataja kosa letu bila kuzunguka. Tukasema kwamba kijana hana hatia, kwamba waya ni wetu, na kwamba yule aliyesema "watu wale ndivyo walivyo" tulimsikia, tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa dhambi kuliko makelele yetu. Wengine walitazama miguu yao. Mzee mmoja alituambia baadaye kwamba mwalimu hapaswi kujishusha hivyo mbele ya vijana. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Jina la mtu lililochafuliwa hadharani halisafishwi chumbani.

Kijana hakuwako Jumapili hiyo. Alirudi katekisimu baada ya majuma mawili, akakaa nyuma kabisa. Katika mafundisho ya mwisho ya Kwaresima, Padri aligusa masikio na midomo ya wakatekumeni wote kwa ibada ya Efatha, kama Bwana wetu alivyomfanyia bubu kiziwi katika Injili ya Marko, nasi tuliona midomo ya kijana ikitetemeka kidogo. Usiku wa Pasaka alibatizwa pamoja na wenzake. Bibi yake alikuja, akakaa karibu na mlango.

Siku hizi anaosha motokari tena, kwa kupenda kwake. Lakini haiwashi redio. Tumemwambia mara nyingi, "Mwanangu, washa, ni ruhusa." Hujibu, "Ndiyo, Mwalimu," akaendelea kupangusa kioo. Fundi mzee aliirudisha sauti ya redio kwa alasiri moja. Hii nyingine haina fundi wa alasiri moja. Basi kila Jumatatu tunakwenda wenyewe, tunaiwasha, tunaacha mlango wazi ili wimbo umfikie, kisha tunaondoka.